Huduma Ifike Hadi Kitongojini: Mwongozo wa Kukuza Afya ya Watu Wenye Ulemavu Vijijini

Ukuzaji wa afya ni jumla ya hatua zinazomwezesha mtu kuilinda afya yake kabla hajaugua, na zinazomsaidia yule aliyekwisha kuugua asizidiwe. Katika kijiji cha Tanzania hatua hizo hupitia njia chache zinazojulikana: zahanati, kliniki ya mama na mtoto, shule ya msingi, mkutano wa kijiji, na kipaza sauti kinachofungwa juu ya gari la matangazo. Kila njia miongoni mwa hizo ina watu isiowafikia. Kiziwi hasikii tangazo la gari, asiyeona halisomi bango lililobandikwa ukutani mwa zahanati, mtoto asiyetembea hayupo shuleni siku wauguzi wanapokuja na chanjo, na mwanamke anayetambaa hawezi kupanda kwenye mzani wa kliniki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani mtu mmoja kati ya kila 6 duniani, wanaishi na ulemavu mkubwa, na kwamba baadhi yao hufariki hadi miaka 20 mapema kuliko wenzao. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo haitokani na ulemavu wenyewe. Inatokana na malaria iliyochelewa kutibiwa, shinikizo la damu ambalo halikupimwa, kidonda kilichoachwa kikaoza, na ujauzito usiofuatiliwa.

Mwongozo huu umekusudiwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wajumbe wa serikali ya kijiji, walimu na walezi, yaani watu walio karibu na kaya kuliko daktari yeyote. Msimamo wake ni kwamba huduma za kawaida zinapaswa kufika kwanza, na misaada ya pekee ifuate baadaye.

Kuwatambua walipo

Kazi huanza kwa kujua nani anaishi wapi, na hapo ndipo orodha nyingi za vijiji huharibika. Mjumbe anapobisha hodi na kuuliza kama kuna mlemavu nyumbani, kwa kawaida hujibiwa kwamba hayupo, ama kwa sababu ya aibu, ama kwa sababu bibi asiyeona vizuri na baba aliyepoteza usikivu huhesabiwa kuwa wamezeeka tu. Njia iliyo bora ni ile ya maswali sita yaliyotungwa na Kundi la Washington, jopo la wataalamu wa takwimu linalofanya kazi chini ya Umoja wa Mataifa. Maswali hayo hayalitaji kabisa neno ulemavu. Huuliza kama mtu ana shida ya kuona hata akivaa miwani, ya kusikia hata akitumia shimesikio (kifaa kinachokuza sauti sikioni), ya kutembea au kupanda ngazi, ya kukumbuka na kuzingatia jambo, ya kujihudumia kama vile kuoga na kuvaa, na ya kuwasiliana na watu kwa lugha yake ya kila siku. Jibu hupangwa katika ngazi nne: hana shida, ana shida kidogo, ana shida kubwa, au hawezi kabisa. Aliyejibu shida kubwa au hawezi kabisa, hata katika swali moja tu, huandikwa kwenye daftari la mhudumu.

Kwa watoto wadogo maswali hayo hayafai, kwa hiyo mhudumu hutazama hatua za ukuaji. Mtoto ambaye hajaweza kukaa bila kushikwa baada ya miezi 9, au hajatembea peke yake baada ya miezi 18, au hashtuki mlango unapopigwa nyuma yake, apelekwe zahanati bila kusubiri ushauri wa majirani kwamba ataamka mwenyewe.

Daftari hilo lina siri nzito ndani yake. Katika Kanda ya Ziwa, ambako mauaji ya watu wenye ualbino yalitikisa nchi kuanzia katikati ya muongo wa 2000, karatasi inayoonyesha nani mwenye ualbino anaishi nyumba ipi inaweza kuwa hatari kwa maisha yake. Kwa sababu hiyo daftari lifungiwe kabatini zahanati, lisibandikwe ofisi ya kijiji, na lisipigwe picha kwa simu na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la viongozi, hata kama nia ni kuharakisha ripoti.

Kurekebisha njia za kawaida

Baada ya orodha kupatikana, swali la kwanza ni nani amekosa kile ambacho kila mtu amepata. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa nchi nzima tangu mwaka 2018, huwafikia wasichana wengi wakiwa shuleni, na dawa za minyoo na kichocho nazo hugawiwa madarasani. Msichana mwenye ulemavu wa akili aliyebaki nyumbani hukosa vyote viwili, na aghalabu hakuna anayegundua, kwa kuwa idadi ya dozi hulinganishwa na idadi ya waliomo darasani. Siku ya chanjo ikitangazwa, mhudumu alinganishe daftari lake na rejista ya shule, kisha amwombe muuguzi abebe dozi za ziada kwenye kisanduku cha baridi na kupita kaya zilizobaki. Ugawaji wa kingatiba, yaani dawa anazopewa kila mkazi ili kuzuia matende, usubi au vikope, unahitaji ukaguzi kama huo. Mgawaji akisikia kwamba kuna mgonjwa chumba cha ndani, asiiache kaya hiyo kwa kuwa wengine wamekwisha kumeza. Aingie, amwone, na apime kama mtu huyo ni miongoni mwa wale wasioruhusiwa dawa au amefichwa tu.

Mawasiliano yanahitaji uangalifu zaidi kuliko fedha. Mtumishi wa zahanati amtazame mgonjwa na kuzungumza naye mwenyewe, kwani desturi ya kumuuliza msindikizaji anaumwa nini, huku mgonjwa amekaa hapo hapo, humnyima mtu haki ya kueleza maumivu yake. Kwa viziwi, nchi ina Lugha ya Alama ya Tanzania, lakini vijijini wako wengi ambao hawakupata kusoma shule ya viziwi na wanatumia alama za nyumbani zinazofahamika kwa familia pekee. Mhudumu ajifunze walau alama za maumivu, homa, damu, dawa na kesho, na awe na picha za dalili za hatari kwa mjamzito: kutokwa damu, kuvimba uso na mikono, kuumwa kichwa kusikopoa, degedege, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Jambo moja lisifanyike kamwe, nalo ni kumtumia mtoto wa miaka 10 kuwa mkalimani wa mama yake katika mazungumzo ya uzazi wa mpango au virusi vya UKIMWI. Ikiwa hakuna mkalimani, atafutwe mwanamke mzima anayeaminiwa na mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe aulizwe kama anamkubali.

Uzazi unastahili neno la ziada. Dhana kwamba mwanamke mwenye ulemavu hana mume wala hamu ya kuwa na watoto humfanya asiulizwe habari za njia za uzazi wa mpango wala za kupima, na anapofika kliniki na ujauzito hupokewa kwa mshangao au kwa karipio. Mshangao huo huwa na gharama, kwa maana mara ya pili hatarudi.

Matunzo ya nyumbani

Hapa ndipo maisha ya watu wengi huokolewa au hupotea, na ndipo mafunzo ya wahudumu huwa haba zaidi. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo kwa kuanguka mwembeni au kwa ajali ya bodaboda, na mzee aliyepooza kwa kiharusi, hukabiliwa na adui asiye na kelele: kidonda cha mgandamizo. Hiki ni kidonda kinachotokea pale mfupa unapoibana ngozi juu ya kitanda au kiti kwa muda mrefu hadi damu ikashindwa kupita, hasa chini ya mgongo, kwenye nyonga, kwenye visigino na kwenye vifundo vya miguu. Asiyehisi maumivu hajigeuzi, na kwa sababu hiyo mlezi humgeuza kila baada ya saa 2, mchana na usiku, akimlaza ubavu wa kulia, chali, kisha ubavu wa kushoto. Mto huwekwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro, na shuka hunyooshwa, kwani hata mkunjo mmoja huweza kuchubua ngozi. Anayekaa kwenye kiti mwendo ajiinue kwa mikono, au aegemee upande mmoja kisha mwingine, kila baada ya dakika 15 hadi 30.

Ngozi ikaguliwe asubuhi na jioni. Vitabu vingi husema mlezi atafute wekundu, lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo mkono utumike pamoja na jicho: sehemu iliyo ya moto kuliko nyingine, au ngumu, au iliyobadilika rangi na isiyorudi ikibonyezwa, isilaliwe tena mpaka ipone. Kidonda kikishafunguka kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kifunikwe kwa kitambaa safi, na kionwe na muuguzi mapema. Majivu, kinyesi cha ng'ombe na dawa ya meno, ambavyo hupakwa katika maeneo mengi, huingiza vijidudu au kuunguza nyama inayoanza kuota. Chakula nacho ni sehemu ya dawa, kwani bila maharage, dagaa, karanga au mayai mwili hukosa protini ya kujengea ngozi mpya.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani hali ya misuli kukakamaa au kulegea kutokana na ubongo kudhurika kabla, wakati au mara tu baada ya kuzaliwa, hatari kubwa ya kila siku ni chakula. Mara nyingi mama humlaza mtoto chali mapajani na kumnywesha uji mwepesi ili amalize haraka, na uji huo huteremka kwenye njia ya hewa, ukazaa nimonia inayojirudia. Mtoto alishwe akiwa ameketi, nyonga zimekunjwa, mgongo umenyooka, kichwa kimeinama mbele kidogo. Seremala yeyote wa kijiji anaweza kutengeneza kiti cha pembe, ambacho ni mbao mbili zilizoungana kama kona ya ukuta, pamoja na meza ndogo ya mbele na kizuizi kati ya mapaja ili mtoto asiteleze. Uji uwe mzito kiasi, kwani kimiminika chepesi hukimbia kabla koo halijajiandaa. Kijiko kisicho na kina kiwekwe katikati ya ulimi na kukandamizwa taratibu, kisha mlezi asubiri mpaka aone mtoto amemeza ndipo aongeze. Baada ya mlo mtoto abaki wima kwa nusu saa. Akikohoa kila alapo, au sauti yake ikawa ya majimaji, apelekwe hospitali kwa uchunguzi.

Mlo wa namna hiyo huchukua hata saa nzima, na mama huyo ana shamba linalomngoja. Ushauri wowote usiohesabu muda wake utabaki karatasini. Ni afadhali mhudumu aifundishe kaya nzima kulisha na kugeuza, akianza na baba, kuliko kumwongezea mama mmoja orodha ya wajibu.

Choo

Sehemu hii hupuuzwa, lakini mwanamke asiyeweza kufika chooni hupunguza kunywa maji na kula mchana ili asihitaji kwenda, akaugua njia ya mkojo na kufunga choo, na anayetambaa hulazimika kuweka viganja kwenye sakafu iliyolowa. Marekebisho yake ni ya bei ndogo. Njia isawazishwe, na kamba ifungwe kutoka mlango wa nyumba hadi choo kwa ajili ya asiyeona. Mlango uwe na upana usiopungua sentimita 80 na ufungukie nje, ili mtu akianguka ndani asiuzibe. Badala ya kizingiti kuwe na mteremko wenye uwiano wa 1 kwa 12, maana yake kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Anayetumia kiti mwendo anahitaji nafasi ya takriban sentimita 150 ili ageuke. Juu ya tundu huwekwa kiti cha mbao kilichotobolewa katikati au kikalio cha matofali, na mirunda miwili hukazwa pembeni iwe mihimili ya kushikia. Vipimo hivi vitumike pia zahanati inapojengwa kwa nguvu za wananchi, kwa kuwa kubomoa ngazi baada ya uzinduzi hugharimu zaidi kuliko kuzungumza na fundi kabla ya msingi.

Magonjwa yanayozaa au kuzidisha ulemavu

Vikope, au trakoma, huleta upofu pale kope zinapogeukia ndani na kukwaruza jicho. Kinga yake ni kunawa uso, choo, na dawa ya kingatiba, na aliyekwisha kugeuka kope anahitaji upasuaji mdogo. Mtoto wa jicho nao hutibika kwa upasuaji, kwa hiyo kila mzee asiyeona achunguzwe kabla ya kuitwa kipofu.

Mwenye matende ana kazi ya kila siku inayopunguza mashambulizi ya homa: kuuosha mguu kwa maji na sabuni, kuukausha vizuri katikati ya vidole, kuuinua anapokaa, na kutibu michubuko. Mwenye ukoma hupewa dawa mseto bure, lakini dawa hairudishi hisia zilizokwisha kufa, kwa hiyo hukagua nyayo zake kila jioni na kuvaa viatu, na hushika sufuria kwa kitambaa. Mtu mwenye ualbino huhitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ya kipimo cha 30 au zaidi, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi. Mtoto wa shule mwenye ualbino aketi mbele karibu na ubao, kwa kuwa uoni wake ni hafifu, na asipewe adhabu ya kulima juani.

Kifafa kinahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu uvumi wake huua. Hakiambukizi kwa mate, povu wala upepo wa tumboni, na kumwacha mtu motoni kwa kuogopa kumgusa ndiko kulikoacha makovu mengi ya kuungua katika maeneo kama Mahenge, wilayani Ulanga, ambako kliniki ya kifafa ilianzishwa katika miaka ya 1960 na daktari Louise Jilek-Aall. Anayeanguka aondolewe karibu na moto au maji, alazwe ubavu, nguo za shingoni zilegezwe, na asitiwe kitu chochote mdomoni. Degedege likizidi dakika 5 apelekwe kituo cha afya. Dawa ya fenobabito ni ya bei nafuu na huwasaidia wengi, lakini isikatishwe ghafla, kwani kuikatisha huleta degedege mfululizo. Jiko la kuinuliwa, badala ya mafiga matatu chini, ni kinga nyingine dhidi ya kuungua.

Kwa watoto wanaozaliwa, mambo mawili yana muda. Mguu kifundo, yaani mguu uliopindia ndani, hunyooshwa kwa njia ya Ponseti, ambayo ni kufunga plasta mpya kila wiki kwa majuma kadhaa na kufuatiwa na viatu maalumu vinavyovaliwa mchana na usiku mwanzoni, kisha usiku tu, hadi mtoto afikie miaka 4 au 5, na familia nyingi huharibu kazi yote kwa kuviacha viatu mapema. Mgongo wazi nao hupungua mama akimeza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kabla ya kushika mimba na katika wiki 12 za mwanzo. Unga wa viwandani huongezwa kirutubishi hicho, lakini ule wa mashine ya kusaga ya kijijini kwa kawaida hauna, kwa hiyo vidonge ndivyo tegemeo.

Vifaa, fedha na kamati

Kiti mwendo hutolewa mara nyingi katika hafla, kikiwa cha ukubwa mmoja kwa wote. Kipimo cha nyonga za mtoto hakionekani kwenye picha ya hafla, lakini kiti kilicho kipana kupita kiasi humpinda uti wa mgongo, na kisicho na mto wa kukalia huleta kidonda kilichoelezwa hapo juu. Anayepokea kiti aulize nani atakipima, kama magurudumu yake yanahimili mchanga na mawe, na kama fundi baiskeli wa karibu anaweza kupata mpira na spoku zake. Miguu bandia na vishikizo vya viungo vina wataalamu wake, na chuo cha TATCOT kilichopo Moshi kimekuwa kikiwaandaa tangu mwaka 1981. Watoto na wanawake wanaohitaji upasuaji hupata rufaa, pamoja na sehemu nyingine, katika hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam.

Nauli ndiyo inayokwamisha rufaa nyingi, na njia mojawapo ya kaya kupata kipato cha kuilipia ni mkopo wa halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Fungu hilo lisipoombwa hubaki takwimu tu, kwa hiyo ofisa maendeleo ya jamii wa kata aalikwe kijijini kueleza fomu zake kwa sauti, kwa alama na kwa maandishi makubwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inataka pia kamati zao ziwepo hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Pale kamati ilipo kwa jina tu, wajumbe wake wawe ni watu wenye ulemavu wenyewe na wazazi wa watoto wasioweza kujisemea, wala si watumishi wa kijiji waliojazwa ili orodha itimie.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Msomaji aliye na nafasi katika serikali ya kijiji aombe ajenda moja ya mkutano ujao iwe ripoti ya maswali sita kutoka kitongoji kimoja, ikitaja idadi pekee bila majina, na mkutano ufanyike mahali ambapo mtu wa kiti mwendo anaweza kufika na kuisikia.